Harusi ya saa tatu haiingii katika DVD moja: tufanyeje?

Katika makabati ya familia nyingi zimo kumbukumbu za picha ambazo hakuna fedha iwezayo kuzinunua tena: ndoa ya kijana wa nyumbani, watoto wa madrasa wakihitimu, nasaha za bibi aliyekwisha kututangulia mbele ya haki. Wazee wetu wengi hawana haja ya kompyuta. Wao wanayo deki chini ya televisheni, na wanachokitaka ni DVD ya kuweka na kutazama. Vijana hukaa kuitengeneza, na hapo ndipo hukwama: baada ya kusubiri kwa muda mrefu, programu huwaambia kuwa kazi yao ni kubwa kuliko diski.

Tumeona tuwaeleze wasomaji wetu asili ya tatizo hili, kwani anayelitatua kwa papara huweza kukiharibu kile kile alichokusudia kukihifadhi.

Tuanze na diski yenyewe. DVD ya kawaida imeandikwa gigabaiti 4.7. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali kompyuta nyingi huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Kwa hesabu hiyo ya pili, diski ile ile ina takriban gigabaiti 4.37 tu. Mwenye kazi iliyosomeka 4.5 kwenye kompyuta asishangae ikikataliwa.

Jambo la pili ndilo linalowachanganya wengi. Mtu huwa na faili la harusi lenye gigabaiti 2.7, akaona kuwa litaenea bila shida. Lakini deki ya DVD haisomi faili hilo kama lilivyo; programu hulazimika kuligeuza kuwa video ya mfumo wa MPEG-2, ambao hubana picha kwa kiasi kidogo kuliko mifumo inayotumiwa na simu na kamera za sasa. Ukubwa wa faili la asili, basi, hautuambii lolote kuhusu ukubwa wa DVD. Yanayoamua ni mawili: urefu wa video kwa dakika, na kiwango cha data kinachotumika kwa kila sekunde.

Kiwango hicho hupimwa kwa megabiti. Kila megabiti moja kwa sekunde hula megabaiti 7.5 kwa dakika. Programu ikiachwa kwenye megabiti 8, kila dakika itachukua megabaiti 60, na harusi ya saa tatu itafika gigabaiti 10.8. Hizo ni zaidi ya diski mbili.

Ipo kanuni nyepesi inayofaa kuandikwa ukutani: gawa 600 kwa idadi ya dakika. Jibu ni kiwango cha megabiti kwa sekunde kitakachoenea katika diski ya kawaida, sauti ikiwemo, na nafasi kidogo ikibaki. Dakika 100 zinaruhusu 6, dakika 120 zinaruhusu 5, na dakika 180 zinaruhusu 3.3 tu. Video fupi isituhadae, kwani kiwango cha juu cha picha katika DVD ni megabiti 9.8.

Kabla ya kuigusa picha, tuitazame sauti. Sauti isiyobanwa, iitwayo PCM, hula takriban gigabaiti 1.4 kwa saa mbili. Sauti ya Dolby Digital ya kilobiti 192 hula kama megabaiti 170 kwa muda huo huo, na hotuba husikika vizuri. Menyu zenye picha zinazotembea na muziki nazo huchukua nafasi. Menyu ya picha tulivu inatosha.

Ikiwa bado haienei, tunashauri utaratibu huu. Kwanza, ondoeni dakika zisizo na faida: kamera iliyosahauliwa ikipiga sakafu, au msafara wa magari usiokwisha. Pili, gawanyeni kazi katika diski mbili. Tatu, tumieni DVD ya tabaka mbili yenye gigabaiti 8.5, mkihakikisha kwanza kuwa kifaa cha kuchomea kinaiandika na deki ya mzee inaisoma. Kupunguza kiwango cha data kuwe hatua ya mwisho, kwani kikishuka sana, nyuso huvunjika vipande vipande vya miraba kila watu wanapotembea.

Kugawanya diski kuna faida nyingine kwa familia zetu. Ndoa na hotuba zikiwa katika diski moja, na shughuli za akina mama katika nyingine, ile ya kwanza inaweza kupelekwa kwa jamaa wote, na ya pili ikabaki kwa wahusika wake. Tatizo la ukubwa limetatuliwa, na sitara imehifadhiwa.

Likitokea kosa hata pale hesabu inapokuwa sahihi, angalieni mahali mnapohifadhi kazi. Flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili moja lililofikia gigabaiti 4, hata iwe tupu. Diski kuu ya kompyuta nayo ihitaji nafasi ya kutosha, kwa kuwa programu huandika mafaili ya muda kabla ya kuchoma.

La mwisho tunalisisitiza: msifute mafaili ya asili kwa sababu DVD imekwisha kupatikana. DVD ni nakala iliyopunguzwa, na kilichopunguzwa hakirudi. Wekeni asili katika diski mbili za nje, nyumba mbili tofauti. Mzee atafurahi kwa kile anachokiona leo. Wajukuu wake nao wana haki ya kumwona bibi yao kwa uso uliokamilika.