Una laki mbili za rauta? Soma hapa kabla hujazitoa

Swali lililonijia mara nyingi siku hizi, kutoka Kilosa na huku kwetu Mikumi, ni hili: "Ninunue rauta gani ili mimi, msaidizi wangu na kompyuta tutumie bando moja?" Aliyenibana zaidi ni dada mmoja wa Kilosa mjini, anauza batiki na mashuka. Ana simu mbili, laptopu na printa, na laki mbili tu mkononi, zilizotoka kwenye mtaji. Zikipotea hizo, mzigo wa mwezi unaofuata haununuliki. Nikaona nimjibu hapa kwa urefu ili na wengine mfaidike.

Kwanza, una uhakika unahitaji rauta? Kama uko peke yako, una simu moja na laptopu unayofungua jioni kupiga hesabu, washa hotspoti ya simu, hiyo hela nunulia mzigo. Hotspoti inaanza kukutesa mkishakuwa wawili. Simu inachemka, chaji inakwisha, na ukitoka kupeleka mzigo kwenye basi la Dar unaondoka na intaneti ya nyumba nzima. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: simu nyingi zikipigiwa zinashuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G ili kupokea sauti. Mteja anakupigia kuuliza bei, msaidizi wako aliye laivu kwa hotspoti yako anaganda hapohapo. Dada wa batiki alikuwa anapoteza watazamaji kwa namna hiyo, yeye akilaumu bando.

Basi kwake rauta ilikuwa lazima. Ila kabla ya kutazama rauta, tazama mnara. Kilosa imekaa bondeni na milima imeizunguka. Nyumba mbili za mtaa mmoja, moja inapata mtandao safi, nyingine imekingwa na kilima. Mikumi nayo imejipanga kandokando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa, ukiingia ndani kidogo hali inabadilika. Mtu wa Dar akikwambia mtandao fulani ndo wenye kasi, anasema ya kwake huko Dar.

Fanya hivi. Tafuta laini za mitandao mitatu, hata kwa ndugu na majirani. Weka moja moja kwenye simu ileile, kaa palepale utakapoweka rauta, pima kasi asubuhi, kisha rudia kati ya saa 2 na saa 4 usiku, muda ambao kila mtu yuko mtandaoni. Andika namba kwenye daftari. Na usitazame ile ya kupakua peke yake! Sisi wauzaji kazi yetu ni kupakia: picha, video, laivu. Laivu inayoonekana vizuri inataka kama Mbps 3 hadi 4 za kupakia, zisizoyumba. Mtandao unaokupa 30 za kupakua na 1 ya kupakia ni mzuri kwa kutazama sinema. Kule kwa dada, mtandao aliokuwa anautumia siku zote ulishindwa kufika hata 1 ya kupakia usiku. Laini ya jirani yake ilitoa 5, kiti kilekile, saa ileile.

Ndiyo maana nashauri rauta iliyo huru, inayokubali laini zote. Zile zinazouzwa na kampuni za simu mara nyingi ni nafuu, lakini nyingi zimefungwa zitumie laini ya kampuni hiyo tu. Ukihama nyumba, au mnara ukielemewa, huna pa kwenda. Muulize muuzaji swali moja, na akupe jibu kwa vitendo: atie laini ya kampuni nyingine mbele yako, iwake.

Sasa maandishi ya kwenye boksi, ambako wengi wanaingizwa mjini. Ukiona "N300" au "300Mbps", hiyo ni kasi ya waifai kati ya rauta na simu yako, tena kwenye mazingira ya maabara. Haihusiani na kasi ya intaneti inayotoka kwenye mnara. "AC1200" ni jumla ya mawimbi mawili, 2.4GHz yenye 300 na 5GHz yenye 867. Laini yako ikitoa 15, utapata 15, hata boksi liandikwe elfu tano. Faida ya kweli ya kuwa na mawimbi mawili ni nyingine: 2.4 inapenya kuta na kufika chumba cha mbali, 5 ni ya kasi lakini inachoka mapema. Laivu iweke kwenye 5 karibu na rauta, printa na simu za watoto ziende 2.4.

Kitu cha kusoma kwa makini ni masafa ya 4G. Tafuta B28, B20 na B3, yaani 700, 800 na 1800. Yale ya chini, 700 na 800, yanasafiri mbali na kupenya vizuri zaidi, na sisi wa huku mashambani ndiyo tunayoyategemea. Kuna rauta zilizotumika, za soko la Marekani, zinauzwa bei ya kutupa. Nyingi hazina B20 wala B3. Itawaka vizuri tu, ila mtandao utautafuta kwa tochi. Kama nyumba yako imejificha nyuma ya kilima, chagua yenye matundu ya kufunga antena ya nje. Antena unaweza kununua baadaye, matundu huwezi kuyaongeza.

Ukishainunua, usiiweke kabatini ili ipendeze. Bati na nondo ni maadui wa mawimbi, na friji pia. Iweke juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara. Rauta nyingi zina ukurasa wa mipangilio, anwani yake imeandikwa chini ya rauta yenyewe, na humo utakuta namba inaitwa RSRP. Inaanza na alama ya kutoa: -80 ni safi, -100 inavumilika, ikizidi -110 utapata shida. Sogeza rauta nusu mita, subiri dakika, soma tena. Kwa dada tulihamisha kutoka sebuleni kwenda dirisha la jikoni, ikatoka -108 hadi -94, bila senti moja. Na kwa nyie mnaokaa karibu na mto Mkondoa, mnaujua ukifurika. Rauta na rundo la nyaya visikae sakafuni msimu wa mvua, na radi zikianza chomoa kila kitu ukutani.

Umeme sasa. Rauta bila umeme ni pambo. Uzuri wake inakula kidogo, wati 6 hadi 8 tu, kwa hiyo huhitaji jenereta. Kuna UPS ndogo za rauta, saizi ya kitabu. Yenye mAh 10,000 ndani yake ina kama Wh 37, na ukiondoa upotevu inakupa saa 4 hivi. Kabla ya kununua, soma adapta ya rauta yako: ni volti 9 au 12? Lazima zilingane, ukikosea unaunguza rauta. Mimi ningenunua rauta ya kawaida pamoja na hiyo UPS kuliko rauta ya kifahari inayozima na luku. Laki mbili za dada ziligawanywa hivyo, na chenji ya bando ikabaki.

Laini ya kuweka humo iwe ya data peke yake, iliyosajiliwa kwa jina lako. Usithubutu kuweka laini unayopokelea malipo! Ujumbe wa miamala utaishia ndani ya rauta, na siku WhatsApp ikitaka kukuthibitisha kwa namba, utahangaika.

Halafu linda bando. Video ya ubora wa juu inakula hadi GB 3 kwa saa, kwa hiyo mtoto mmoja na katuni zake anamaliza bando la wiki kwa siku mbili. Kwenye laptopu, weka alama kwamba intaneti hii inapimwa, Windows isijipakulie masasisho kila ikiwaka. Kwenye simu, zima uhifadhi wa picha wa wenyewe kwa wenyewe. Fungua waifai ya wageni yenye nywila yake na kikomo cha kasi. Nywila iliyokuja na rauta ibadilishe siku hiyohiyo, maana imebandikwa chini yake na kila mgeni anaiona. Kuchangia bando na uliokaa nao nyumbani ni sawa. Kuanza kuwauzia mtaa mzima ni biashara nyingine, inataka leseni ya TCRA.

Wapo watakaosema, "Si kuna Mkongo wa Taifa, tuvute faiba?" Mkongo kupita njia hii hakumaanishi una tawi mlangoni. Ulizeni TTCL kama wanafika kwenye mtaa wenu. Kama wanafika, linganisha gharama ya mwezi na bando lako kwanza.

Mwisho, dukani dai risiti yenye namba ya IMEI ya rauta, ile ya tarakimu 15, na uilinganishe na iliyo chini ya rauta na kwenye boksi. Zikipishana, rudisha hapohapo kabla hujatoka mlangoni.