Mti Upi Utupe Karatasi?

Msomaji mpenzi, hebu chana ukurasa wa daftari kuukuu (si wa gazeti hili, tafadhali!) uutazame ukingoni penye mwanga. Vile vinyweleo ndizo nyuzi za mti, na ndizo huamua mti upi unafaa.

Nyuzi za msonobari hufika milimita 3 hivi. Za mkaratusi ni kama milimita 1 tu. Ndefu hushikana sana, ndiyo maana mfuko wa saruji haupasuki ovyo. Fupi hulala sawasawa, kalamu ikateleza bila kukwaruza. Viwanda vingi huzichanganya.

Halafu kuna lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi. Lazima mbao zichemshwe kwa dawa kali hadi gundi itoke. Msonobari unayo nyingi zaidi, kwa hivyo hula dawa zaidi. Lakini utomvu wake haupotei: huelea juu ya maji meusi yanayobaki, ukaenguliwa na kutoa mafuta ya kutengenezea sabuni na rangi. Mafuta ya mkaratusi, kwa upande wake, yamo majanini, yale tunayovuta mvuke wake tukishikwa na homa ya mafua.

Kiwanda cha Webuye kilichoanza kazi mwaka 1974 kilitegemea sana msonobari. Ukiukata, sharti upande mwingine. Mkaratusi huchipua kwenye kisiki chake wenyewe, na hukomaa upesi. Ajabu, sivyo? Ila unakunywa maji mno. Basi ukiniuliza upande upi shambani, nitakuuliza kwanza kijito kiko umbali gani.