Kioo cha Gari na Mnunuzi Wake



Wasomaji wetu watukufu, wengi wenu mna jamaa Nairobi, na kila msimu wa harusi mnapanda huko kwa magari yenu na kuyalaza nje ya nyumba za wenyeji. Mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu magari hayo yanapolala, na vitu vinavyotoweka juu yake kabla ya adhana ya Alfajiri: vioo vya pembeni, indiketa, waipa, betri, tairi la akiba, na mafuta yanayonyonywa kwa mpira. Watu huuita wizi huu mdogo. Nasi tukiuita hivyo, mpaka yalipotufika yaliyotufika.

Tulikwenda Kibera, mtaa wa Makina, kuhudhuria nikahi ya binti wa sahibu yetu, Mnubi, tuliyesoma naye chuo kimoja kule Lamu. Babu zake walikuwa askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, waliowekwa mahali hapo na serikali ya kikoloni palipokuwa pori, na jina lenyewe la Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mnamo 1918 ardhi iliyotengwa ilizidi ekari 4,000. Hati ya ardhi ya jumuiya waliyokabidhiwa Wanubi mwaka 2017 ni ya ekari 288. Katika ardhi iliyobanwa kiasi hicho, mtu hushukuru akipata pa kulaza watoto. Pa kulaza gari apapate wapi? Vichochoro havipitishi hata mkokoteni bila kugusa ukuta. Wenye magari huyaacha kando ya barabara, au kwenye vituo vya petroli, au katika viwanja vya wazi vyenye mlinzi wa usiku anayelipwa kwa kila gari.

Sahibu yetu alitusihi tulipeleke gari kiwanjani. Sisi, kwa uchovu wa safari na, tusifiche, kwa ubahili wa shilingi mia mbili, tukaliegesha chini ya dirisha lake, tukasoma dua, tukalala. Wala hakuna asiyeijua hadithi ya bedui aliyeamrishwa amfunge ngamia wake kisha ndipo atawakali. Tumeisomesha miaka thelathini. Asubuhi vioo vyote viwili vya pembeni havipo, na mahali pake zinaning'inia nyaya.

Hapa pana somo la fiqhi ambalo twaona lawafaa hata wasiosoma vitabu. Wanavyuoni wanapozungumzia wizi huuliza kwanza habari ya *hirzi*, yaani mahali ambapo kitu cha namna ile huhifadhiwa kwa desturi ya watu wa pale. Hirzi ya dhahabu si hirzi ya kuni. Basi tujiulize: hirzi ya gari katika mtaa kama Makina ni nini? Wenyeji wanaijua vizuri kuliko sisi wageni. Ni kiwanja chenye mlinzi ambaye ujira wake haucheleweshwi, kwani mlinzi mwenye njaa ni mlango ulio wazi. Ni kuegesha gari ubavu wake ukigusa ukuta, taa ya nje ikiwaka. Ni kuchonga nambari ya usajili juu ya vioo na taa, kazi ambayo mafundi wa Nairobi huifanya kando ya barabara kwa muda mfupi tu, na kuvikaza vioo kwa ribiti ili visichomoke kwa mkono mmoja. Ni kutoacha mkoba wala buibui la harusi juu ya kiti. Na ni jirani anayejulikana kwa jina, ambaye ukimpigia simu usiku wa manane atachungulia. Mpango wa Nyumba Kumi uliotangazwa na serikali mwaka 2013 ulikusudia ujirani wa namna hiyo. Lakini Waislamu hatukuhitaji kungoja serikali ituambie haki ya jirani.

Turudi kwenye vioo. Kijana mmoja mcheshi aliyekuwa akilizunguka gari kwa masikitiko alitunong'oneza, "Shehe, usisumbuke kwenda polisi. Vitu kama hivi hupatikana. Mimi napajua." Tukamfuata hadi kwenye kibanda kimoja, ambapo vioo vya kila aina vilitundikwa kama samaki wa kukaushwa. Muuzaji akatuletea viwili vya aina ya gari letu. Tukataka kujua bei. Elfu tatu vyote viwili, na dukani kimoja tu chapita hapo. Risiti? Akacheka. Tukajiambia kwamba pengine ndivyo vile vile vyetu, na mtu kukomboa mali yake iliyoibwa hakumtii hatiani, bali dhambi ni ya aliyeichukua. Maneno hayo ni sahihi katika vitabu. Lakini tuliyasema upesi mno, bila kuvikagua vioo, kwa kuwa jibu lilitupendeza na bei ilitupendeza zaidi.

Jioni ile mkwe wa sahibu yetu, mume wa binti yake mkubwa, alitualika kwake Kawangware, upande wa pili wa Barabara ya Ngong. Mama watoto alibaki Makina na wanawake wa harusini. Mkwe huyu ni dereva wa bodaboda. Nyumba yao ni vyumba viwili katika ploti ya mabati, na kila usiku pikipiki yake huingizwa sebuleni, kwa sababu ikilala nje asubuhi itakuwa imepungua kitu. Kina mama wanaoishi hivyo watatuelewa: chombo chenye petroli kinalala hatua mbili kutoka kwenye jiko, na watoto wanavuta harufu yake usiku kucha. Binti yule alituambia kwamba haruhusu moto kuwashwa mpaka pikipiki itolewe na dirisha lifunguliwe, hata kama chai itachelewa. Tukamwombea dua kwa busara hiyo.

Lakini usiku ule palikuwa na mgeni. Sebule ilitandikwa godoro letu, na pikipiki ikafungwa kwa mnyororo nje ya mlango.

Tulikuwa tumemaliza sunna ya Alfajiri tuliposikia ukelele wa "Mwizi!" Tulipotoka, watu walikwisha jaa kichochoroni. Chini palikuwa na mvulana asiyezidi miaka kumi na saba, damu ikimtoka sikioni, na kando yake betri ya pikipiki ya mwenyeji wetu. Mtu mmoja alikuwa na tofali mkononi. Mwingine aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeulizia chumvi, nani ana petroli. Enyi wasomaji wetu, kule si jambo la ajabu. Sisi tuliokuwa tumeizoea mimbari, ulimi ulitukauka.

Aliyepita katikati ya watu ni yule binti. Alivua leso aliyojifunga juu ya buibui, akamfunika mvulana kichwa, akasimama. Akasema, "Namjua huyu, Ramadhani alifuturu kwangu. Betri ni ya mume wangu. Mimi ndiye niliyeibiwa, na mimi sitaki damu. Anayetaka damu aseme yeye kaibiwa nini." Akanyamaza. Hakuna aliyejibu. Mumewe akaja akasimama ubavuni pake, kisha wanawake wawili wa ploti ile, mmoja wao Mkristo, na watu wakaanza kutazamana. Mzee wa mtaa alipofika, tofali lilikwisha wekwa chini.

Twaisomesha kila mwaka habari ya Safwan bin Umayya, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliyelala msikitini joho lake likiwa mto wake, mwizi akalichomoa. Alipokamatwa akafikishwa mbele ya Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, na hukumu ikatolewa. Safwan akaingiwa na huruma akataka kumwachia. Akaulizwa kwa nini hakumsamehe kabla ya kumleta. Wengi hushika mwisho wa kisa hiki na kusahau mwanzo wake: palikuwa na mshitaki, palikuwa na kadhi, palikuwa na mali inayojulikana thamani na mahali pake, na mlango wa msamaha ulikuwa wazi mpaka dakika ya kufika mahakamani. Umati wenye petroli hauna hata kimoja cha hivyo. Anayemrushia jiwe mtoto aliyelala chini kwa sababu ya betri hatekelezi sheria ya dini wala ya nchi, anaua. Na binti yule hakusoma kitabu cha hadithi kama tulivyosoma sisi.

Baadaye, mvulana akiwa amesafishwa jeraha na mamake ameitwa, tulimwuliza betri angeipeleka wapi. Akasema kuna mtu hununua kwa shilingi mia tano, huuza elfu na mia tano, na haulizi. Tukamwuliza kama mtu huyo alikuwapo asubuhi ile. Akatazama chini, akasema alikuwapo.

Maneno hayo yalitunyima raha. Kanuni ya Adhabu ya Kenya humhukumu mwizi wa kawaida kifungo kisichozidi miaka 3. Lakini anayepokea mali ya wizi hali ajua, au ana sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, kifungo chake chaweza kufika miaka 14. Waliotunga sheria hiyo walielewa jambo ambalo sisi twalifumbia macho tunapoletewa kitu cha rahisi mlangoni. Na kabla yao Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alipoletewa watumwa wa Hatib waliomwiba ngamia wa mtu wa Muzayna wakamchinja, aliwatazama wezi, kisha akamtazama bwana wao aliyekuwa akiwashindisha na njaa. Akamtoza yeye. Mwenye ngamia alitaja dirhamu mia nne. Hatib akaamriwa atoe mia nane. Ngamia ndiye gari la zama zile.

Tuliondoka Jumapili hiyo. Mtito Andei tulisimama kuswali na kupangusa vumbi, na kitambaa kilipopita juu ya kioo cha kushoto, jua la adhuhuri likaonyesha kwenye pembe herufi tatu na tarakimu mbili zilizochongwa, zilizobaki zimesuguliwa kwa msasa. Hazikuwa za gari letu. Cha kulia kilisuguliwa chote. Tulikaa kitambo pale barabarani, malori yakipita. Mtu fulani Nairobi aliamka asubuhi akakuta nyaya zinaning'inia kama tulivyokuta sisi, na elfu tatu zilizolipa taabu yake zilitoka mfukoni mwetu. Katika kibanda kile, aliyemlipa yule mvulana, na wengine mfano wake, ni sisi.

Mama watoto aliuliza swali moja tu: "Na ile Dhuhuri tuliyoswali, shehe, uliisoma ukijua?" Tukamwambia hatukujua. Akasema, "Hukujua, au hukuuliza?"

Tulipofika Mombasa tulivitoa vyote viwili. Vingine tumeviagiza kutoka duka la vipuri la Barabara ya Kirinyaga, kwa risiti, kwa bei iliyotuuma, na fundi amechonga nambari yetu juu yake kabla ya kuvifunga. Wengi wa wauza vipuri wa mtaa ule ni watu wa haki, na risiti ndiyo njia ya kuwatambua. Anayekataa kukuandikia jina lake amekwisha kukujibu. Sahibu yetu amepeleka herufi na tarakimu zile kituo cha polisi, akaandikishiwa nambari ya OB, jambo ambalo tungelifanya asubuhi ya kwanza, badala ya kumfuata kijana mcheshi. Ikiwa mwenye mali hatapatikana baada ya kutafutwa vya kutosha, hukumu iliyo maarufu ni kuitoa sadaka kwa niaba yake, na siku akijitokeza atahiari: akubali thawabu, au alipwe thamani yake. Lakini kutafuta kwatangulia sadaka, na hatujamaliza kutafuta.

Mvulana wa Kawangware sasa huosha pikipiki za wenzake wa mkwe yule kituoni, kwa malipo ya kila siku. Mkwe asema betri yake haijaguswa tena, ingawa pikipiki bado inalala sebuleni.

Vioo viko kabatini mwetu, vimefungwa kwa leso kuukuu. Kila Ijumaa mama watoto anapotoa kanzu hutuuliza kama wenyewe wamepatikana.