Mpira wa Hewa Uliopasuka Huua Injini



Katika shamba moja la miwa dereva wa trekta alikatwa mshahara kwa sababu injini ilikufa kabla ya wakati wake. Aliambiwa kwamba hakuangalia oili. Tulipoifungua injini hiyo karakanani tulikuta oili haina kosa. Mpira unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye injini ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki, na ndani yake mlikuwa na mstari wa vumbi jekundu. Ringi na silinda zilikuwa zimesagika kama zilizopigwa msasa. Ufa ule ungalizibwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Injini huvuta hewa kwa nguvu. Ufa ukiwa kabla ya chujio hasara ni ndogo, maana vumbi bado litazuiwa. Ukiwa baada ya chujio, vumbi lote huingia moja kwa moja. Baadaye nguvu hupungua, oili huliwa, na moshi hutoka wa buluu. Lakini ukifika hapo injini imekwisha haribika. Kwa hiyo wakati wa kiangazi tunashauri kuuvua mpira huo kila wiki, injini ikiwa imezimwa, na kupitisha kidole ndani. Kidole kikitoka na vumbi, pana tundu, au chujio halikukaa sawa. Maji ya sabuni hayatakusaidia kama kwenye pancha: hapa hewa inaingia, haitoki, basi povu halionekani.

Mara nyingi mpira hupasuka mwishoni, pale unapobanwa na klipu. Kama urefu unaruhusu, kata sentimeta 2 zilizokakamaa, urudishe, ukaze klipu. Hiyo ndiyo dawa rahisi kuliko zote.

Ufa ukiwa katikati, osha mpira kwa maji na sabuni mpaka oili yote itoke, uukaushe, ukwaruze kwa msasa, upake solusheni ya pancha. Kata tyubu kuukuu iwe utepe wa upana wa sentimeta 3. Anza kuzungusha sentimeta 5 kabla ya ufa, ukivuta kwa nguvu, kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliopita, hata upite ufa kwa sentimeta 5 nyingine. Funga ncha zote mbili kwa waya au klipu. Kiraka kikae nje daima. Kikiwa nje, mvuto wa injini unakikandamiza. Kikiwa ndani, utakibandua na injini itakimeza. Na kwenye injini yenye tabo, usifunge hivi mpira ulio baada ya tabo, kwa kuwa huko hewa inasukuma nje na kiraka kitaruka.

Sasa ile mipira myembamba ya vakyumu. Kwenye injini ya petroli, mmoja ukivuja injini hutetemeka ikiwa taratibu, na pengine huzimika. Hapo pia kata ncha iliyopasuka, au weka mpira wa petroli wenye tundu la kipimo kile kile. Mpira laini wa plastiki wa maji usiutumie. Joto litaulainisha na mvuto utaubana mpaka ufunge njia.

Lakini mpira mmoja haufungwi tyubu hata siku moja, nao ni ule wa vakyumu unaokwenda kwenye breki. Wenzetu wangapi hupakiwa asubuhi nyuma ya lori, wamesimama, kuelekea shambani? Mpira huo ukitoka mteremkoni, breki zinakuwa ngumu kama jiwe. Dereva apime kabla ya kupakia watu: injini ikiwa imezimwa, akanyage breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu, aushikilie mguu hapo, halafu awashe injini. Pedali ikishuka kidogo, vakyumu inafika. Isiposhuka, lori lisiondoke, hata msimamizi akipiga kelele.

Kiraka ni cha kusubiria spea, na spea ni wajibu wa mwajiri, si wa mfuko wa dereva. Siku unapofunga kiraka, andika katika daftari la gari tarehe, mpira gani, na kwamba umeomba mpya, kisha msimamizi atie sahihi. Yule dereva wa miwa alikuwa amesema kwa mdomo mara mbili kwamba injini inavuma vibaya. Hakuna aliyekumbuka.