Fahamu: Kwa nini video nyingine zina sauti ndogo, na namna ya kuipandisha

Umepakua filamu, umepandisha sauti hadi mwisho, milipuko inatikisa meza lakini maongezi huyasikii. Mara nyingi faili halina ubovu wowote. Filamu nyingi huwa na chaneli 6 za sauti, mfumo uitwao 5.1, na maneno ya waigizaji hukaa zaidi kwenye chaneli ya katikati. Kompyuta yenye spika mbili inapozichanganya chaneli hizo, maongezi humezwa na muziki.

Ukitaka kutazama tu, usiguse faili. VLC, programu ya bure, hupandisha sauti kupita asilimia 100. Toleo lake la kompyuta lina pia kikandamizaji, ambacho hushusha milio mikubwa ili midogo isikike. Binafsi ningeanza na hicho.

Video uliyorekodi mwenyewe, tuseme ya harusi, ni habari nyingine. Hapo rekebisha faili lenyewe. FFmpeg, nayo ya bure, hunakili picha ilivyo na kubadili sauti pekee:

ffmpeg -i harusi.mp4 -c:v copy -af volume=6dB harusi2.mp4

Desibeli 6 ni karibu mara mbili ya ukubwa wa wimbi la sauti. Ukizidisha, vilele vya wimbi hukatwa na sauti hukwaruza, kwa hiyo faili la mwanzo usilifute. Na kama maikrofoni ilikuwa mbali na mshereheshaji, jiandae: mngurumo wa jenereta nao utapanda vilevile.