Safu ya michezo ni darasa la Kiswahili

Kila siku ya kazi, tangu alfajiri, barabara ya Namanga hujaa magari ya abiria yatokayo Kitengela kuelekea Nairobi, na mengine machache yakishika njia ya Isinya na Kajiado. Ndani yake wamo walimu, wanafunzi wa vyuo, makarani na wafanyakazi wa viwandani. Zamani gazeti moja lilipokezanwa viti vinne. Siku hizi kila abiria ameinamia simu yake. Lakini kwa wengi wao, kinachosomwa kwanza ni kile kile: michezo.

Wapo walimu wanaosikitishwa na jambo hili. Kwao, kijana anayesoma habari za kandanda anapoteza wakati ambao angeutumia kusoma riwaya. Mimi si wa maoni hayo. Naona kwamba vijana wetu wanasoma sehemu nyepesi tu ya michezo, na sisi walimu hatujawaonyesha ile nzito.

Yafaa tutofautishe habari ya michezo na safu ya michezo. Habari hueleza nani alimfunga nani, na dakika ya ngapi. Safu huja baadaye na kuuliza kwa nini. Wiki ya kazi yenyewe imegawanyika hivyo. Jumatatu ni siku ya matokeo. Ijumaa ni siku ya utabiri. Katikati, Jumanne hadi Alhamisi, vumbi la uwanjani limetulia na msomaji ana nafasi ya kusikiliza hoja. Hizo ndizo siku ninazozipenda, na safu za siku hizo ndizo ninazozitafuta.

Lugha ya habari za mechi ina utamu wake, tusiidharau. Mpira huitwa gozi, yaani ngozi kubwa. Mchezaji aliyewapita walinzi kabla ya pasi kupigwa husemwa ameotea, neno la mwindaji anayemvizia mnyama. Timu inayoshinda hainyimwi kitenzi: hunyuka, hutandika, hucharaza, hulaza. Hata hivyo, ukiviorodhesha vitenzi hivyo utaona kwamba vingi ni vya kichapo. Vinatosha kutangaza ushindi, lakini havitoshi kueleza ushindi ulivyopatikana.

Kwa wenzetu wa Tanzania hali ina nafuu. Katika gazeti la Mwanaspoti, Edo Kumwembe ameandika kwa miaka mingi safu iitwayo Jicho la Mwewe, ambayo husomwa pia mtandaoni. Humo soka hujadiliwa kama sisi tunavyojadili siasa: mwandishi hushika tukio moja, akaligeuza huku na huku, kisha akauliza swali ambalo shabiki hakutaka kuulizwa. Kenya nasi hatukosi waandishi wa kina. Roy Gachuhi ameandika katika magazeti ya Nation makala marefu yanayofufua historia ya michezo yetu. Lakini makala hayo ni ya Kiingereza.

Matokeo yake ni nini? Mwanafunzi wa Kitengela hupokea habari za mechi kwa Kiswahili, kisha huenda kutafuta sababu zake kwa Kiingereza. Polepole hufunzwa, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba lugha moja ni ya kushangilia na nyingine ni ya kufikiri. Hapo ndipo hatari ilipo. Kijana huyo akiingia katika chumba cha mtihani na kuombwa aandike insha ya hoja kwa Kiswahili, tunashangaa kwamba ana maneno mengi na viunganishi vichache.

Nitoe mfano mmoja. Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zilipoandaa pamoja fainali za CHAN, Harambee Stars iliilaza Moroko 1-0 uwanjani Kasarani kwa bao la Ryan Ogam, ingawa ilimaliza mechi ikiwa na wachezaji 10. Tarehe 22 mwezi huo huo, katika robo fainali, ilitoka sare ya 1-1 na Madagaska, ikatolewa kwa penalti 4-3. Siku zilizofuata nchi nzima ilizungumza kwa -nge- na -ngali-. Laiti tungalilinda bao letu, tungalifuzu. Kocha Benni McCarthy angebadilisha wachezaji mapema, mambo yangekuwa mengine. Mwalimu yeyote wa Kiswahili anajua jinsi wanafunzi wanavyovichanganya viambishi hivyo viwili, na jinsi sentensi za vitabuni kuhusu mvua na mavuno zinavyowachosha. Majuto ya shabiki ni mazoezi ya sarufi yaliyo tayari. Safu njema huyachukua majuto hayo na kuyapa mpangilio: ijapokuwa hili lilitokea, lile lingezuilika, kwa sababu kadha wa kadha.

Wala si lazima tungoje timu ya taifa. Kaunti ya Kajiado ina michezo yake inayostahili safu. Tangu 2012, eneo la Kimana limekuwa na mashindano yajulikanayo kama Olimpiki ya Wamaasai, ambayo mlezi wake ni David Rudisha, yule aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 jijini London mwaka huo huo. Nia ilikuwa kuwapa vijana njia nyingine ya kuonyesha ushujaa badala ya kuwinda simba. Wanatupa rungu, wanarusha mkuki, wanakimbia, wanaruka juu. Kuna maswali mengi hapa kwa mwandishi chipukizi. Je, mrukio wa ngomani hubadilika vipi unapopimwa kwa kamba? Rungu likihesabiwa pointi hubaki rungu? Nani mshindi, mtu au rika lake? Mwanafunzi wa Kajiado mwenye Kimaa nyumbani na Kiswahili darasani anaweza kuyajibu vizuri kuliko mwanahabari yeyote wa kutoka mbali.

Tukikosa kumpa kijana kazi hiyo, wapo watakaompa nyingine. Kampuni za kamari zimejaza kurasa za michezo matangazo, na msomaji wa mkeka haulizi ila swali moja: nani atashinda? Safu humzoesha msomaji kuuliza maswali yasiyokuwa na malipo. Hiyo ni kinga ndogo, lakini ni kinga.

Basi nawaomba walimu wenzangu jambo dogo. Kila Jumatano, tengeni dakika 10 za kipindi. Leteni safu moja ya michezo ya Kiswahili, kutoka gazetini au simuni. Wanafunzi watenge tukio na hoja, wapigie mstari viunganishi, kisha waandike aya moja ya kumpinga mwandishi. Nanyi wahariri, mtengeeni mwandishi wa Kiswahili siku yake katikati ya wiki, na mumpe nafasi ya kueleza kwa nini. Wasomaji wapo; wamekaa garini saa nzima, wakisubiri kitu cha kusoma.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Ni haki basi atuzwe na anayeandika kwao, kwa lugha ya kwao, juu ya mchezo wa kwao.