Siku ya Jamaa Penye Mlima wa Mbao

Ndugu msomaji, umewahi kushuka mlima kwa baiskeli isiyo na breki nzuri? Basi nusu ya habari hii unaijua. Upepo unavuma masikioni, tumbo limepanda kifuani, moyo unasema, "Leo nimekwisha!" Kisha unafika chini mzima, na mtoto uliyempakia nyuma anasema, "Baba, turudi tena juu!" Huko Marekani watu wamejenga milima ya mbao kwa kusudi hilo hilo, wakaweka reli juu yake na vigari vya kupanda watu. Mchezo huo huitwa rolakosta, na jamaa nzima hutoka nyumbani asubuhi kwenda kuucheza.

Nitakueleza mahali pamoja tu, maana viwanja vya namna hii ni vingi, na vingine ni vikubwa mno hata kuvizunguka ni safari. Mahali hapa huitwa Knoebels, karibu na Elysburg katika jimbo la Pennsylvania. Ni bondeni, penye miti mirefu na maji yanayopita. Zamani lilikuwa shamba la ukoo wa Knoebel, watu waliofanya kazi ya mbao, na majirani walizoea kuja hapo kuoga mtoni na kula kivulini. Mwaka 1926 wenye shamba wakafungua bwawa la kuogelea, mahali pa kula, na bembea ya farasi wa mbao wanaozunguka. Ukoo huo ndio unaoendesha kiwanja mpaka leo.

Sasa angalia jambo moja ambalo mimi nimelipenda kuliko hata hiyo milima yao. Katika viwanja vingi vikubwa vya Marekani kila mtu hulipa langoni, apande asipande. Baba mwenye watoto watano akija na mama yake mzazi, atamlipia na bibi, ingawa bibi hana nia hata kidogo ya kuning'inia hewani. Huku Knoebels kuingia ni bure, na kuweka motokaa ni bure. Mtu hununua tiketi za michezo anayoitaka, basi. Bibi anakaa chini ya mti na kikapu cha chakula kilichotoka nyumbani, anawashikia wajukuu viatu na kofia, wala hadaiwi senti. Meza za kulia zimewekwa kwa ajili hiyo hiyo. Akitaka kuona raha kidogo, iko ile bembea nyingine kubwa ya farasi, iliyotengenezwa mwaka 1913. Anayekaa juu ya farasi wa nje hunyosha mkono kuchomoa pete kila anapopita. Akipata ile ya shaba, hupanda tena bure.

Lakini watoto hawakuja kwa farasi. Wamekuja kwa Phoenix.

Phoenix ni mlima wa mbao wenye kimo cha mita 24 hivi, na habari yake ni ya ajabu. Ulijengwa miaka ya 1940 mji wa San Antonio, jimbo la Texas. Kiwanja kile kilifungwa mwaka 1980, na mlima ukabaki umesimama peke yake kwenye jua. Watu wa Knoebels wakaununua. Fikiri, msomaji: walifungua ubao baada ya ubao, wakaandika namba juu ya kila ubao, wakapakia vyote kwenye malori, wakasafiri zaidi ya kilomita 2,000, wakausimamisha upya. Mwaka 1985 watu wakaanza kuupanda tena. Ndiyo sababu wakaupa jina la yule ndege wa hadithi anayefufuka katika majivu yake.

Sasa panda nami. Kigari kinatoka kituoni na kuingia katika njia ndefu iliyofunikwa, giza tupu, watoto wanapiga kelele kabla hawajaona lolote. Kisha mwanga, na mnyororo unakikamata kigari kwa chini na kukivuta juu. Utasikia ka-ka-ka-ka. Watu wengi hudhani ndiyo sauti ya kuvunjika. Kumbe ni sauti ya usalama! Ni jino la chuma chini ya kigari linaloangukia ngazi moja baada ya nyingine, ili mnyororo ukikatika kigari kisirudi nyuma.

Kileleni mnyororo unakiachia. Tangu hapo hakuna injini inayokisukuma. Ni uzito wake tu, kama baiskeli yako. Kinashuka kwa mwendo wa kilomita 72 kwa saa, kinapanda kilima cha pili, kinashuka tena. Hakuna kilima kinachoweza kuupita ule wa kwanza, maana upepo na msuguano wa reli hula nguvu njiani. Na kwa nini kisiruke nje? Kwa sababu kila kigari kina magurudumu ya juu ya reli, ya ubavuni, na mengine yanayokaa chini ya reli. Hayo ya chini ni uvumbuzi wa John Miller, Mmarekani, aliyeuandikisha serikalini mwaka 1919. Kabla ya hapo mafundi hawakuthubutu kujenga mteremko mkali.

Penye vilima vidogo vya mwisho abiria huinuka kabisa kwenye kiti. Kinachomzuia ni chuma kilichopita juu ya mapaja, na chuma hicho hakimbani sana, huacha nafasi.

Hapa sasa ndipo penye shida ya wazazi. Mahali pa kupandia pamesimama fimbo ya kipimo. Katika rolakosta nyingi kubwa kipimo huwa kati ya sentimita 100 na 140, na mtoto asiyefika haruhusiwi, hata akilia, hata baba akionyesha tiketi. Wako wazazi wanaowavalisha watoto viatu vya soli nene, au kuwanong'oneza wasimame kwa vidole. Wanadhani wanashindana na karani. Hawashindani na karani, wanashindana na kile chuma: mwili mdogo ukiinuliwa katika kiti, nafasi ile ile inayompa mtu mzima raha humtosha mtoto kuteleza na kutoka.

Na yule anayefika kipimo lakini magoti yanamtetemeka? Mwacheni. Kaka zake wasimcheke. Safari yote haichukui hata dakika tatu, naye anaweza kwenda kwa bibi, akale mkate, akatazame vigari vikipita.

Kiwanja hufungwa wakati wa baridi, mpaka majira ya joto yakaribie tena. Katika viwanja vya namna hii mafundi hutumia miezi hiyo kubadilisha mbao zilizochoka, na kabla ya kufungua kila siku hukagua njia na vigari. Mtoto aliyepungukiwa upana wa vidole viwili naye anayo miezi hiyo yote ya kukua.